Filamu Ndefu ya Baba Video

Mimi kazi yangu ilikuwa baiskeli. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nilikuwa fundi wa mambo ya sinema. Nilikaa Buyenzi, hapa Bujumbura, kwenye kona, na pampu yangu na beseni la maji ya kutafutia tundu. Kushoto kwangu kulikuwa na chumba cha video. Ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango na chumba hicho, kulikuwa na fundi cherehani. Vita yote nilikaa katikati ya video na cherehani. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona nikiwa nimeinamia tairi, na mtu aliyeinamia tairi watu humsahau, wanasema mbele yake kila kitu.

Mwenye chumba cha video tulimwita Baba Video. Jina la kwao alikuwa nalo, msikitini walilijua, lakini hata mke wake akimtafuta sokoni aliuliza, "Mumemuona Baba Video?" Mtu mrefu, mwembamba kama spoki, na sauti kubwa kuliko kifua chake. Maikrofoni haikumtoka mkononi. Alikuomba kiberiti kwa maikrofoni. Siku moja alimgombeza mkwe wake kwa maikrofoni, akasahau kwamba spika nyingine iko nje, na avenyu nzima ikajua nani alikula kichwa cha samaki.

Maikrofoni ilikuwa ya kutafsiri. Filamu zilikuja na Kiingereza, na sisi Bujumbura tulikuwa na Kirundi, Kiswahili chetu hiki, na Kifaransa cha kuombea makaratasi ofisini. Kiingereza kilikuwa cha watu wa mbali. Basi Baba Video alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, na kila mzungu alipofungua mdomo, yeye alisema. Kiingereza hakukijua hata neno, na hakuficha.

"Mi naangalia uso," alisema. "Mutu mwenye njaa uso wake ni ule ule, Ulaya ao Buyenzi."

Kuna mwalimu mmoja wa Mutanga Nord aliyekuja kukaa kwa shemeji yake huku kwetu mambo yalipoharibika kwao. Huyo Kiingereza alikijua. Alasiri moja akainua mkono kama mwanafunzi, akasema kwa adabu, "Samahani, mzee, huyo kijana hakusema hivyo. Amesema treni imechelewa."

Mama Sambusa, ambaye alikaa benchi la mbele na beseni lake mapajani, akageuka. "We mwalimu, unatuletea treni hapa? Mutoto amefiwa na mama yake, Baba Video amekwisha kutuambia. Heshimu matanga ya watu."

Mwalimu akashusha mkono. Filamu ilipofika mwisho nilichungulia, nikamwona anafuta macho. Kifo cha mama wa yule kijana wa filamu kilikuwa kimemuingia na yeye.

Sasa niseme kwa nini chumba kile kilionyesha filamu moja miaka yote, maana watu wa mitaa mingine walitucheka. Kabla ya vita alionyesha za kupigana, kama kila mtu. Vita ikaingia mjini. Alasiri moja ndani wanaangalia watu wa msituni wanarushiana risasi, na mimi nje nimelala kifudifudi nyuma ya magurudumu, kwa sababu risasi zilikuwa zinatoka upande wa Kinama na zilikuwa za kweli. Ndani wakapiga makofi. "Leo sauti ni safi!" Filamu ikaisha, majina yakapanda, na risasi zikaendelea. Hapo chumba kikamwagika kama maharage kwenye gunia lililopasuka. Mama Sambusa alipita juu ya mgongo wangu, beseni kichwani, na sambusa haikuanguka hata moja. Wiki ile ile bunduki ikalia ndani ya filamu, nje kuko kimya kabisa, na watu wakakimbia vilevile. Mtu wa Carama aliyekuwa amekuja kununua mnyororo wa baiskeli kwangu akakimbia nao, mpaka leo.

Baba Video akaenda kwa Hadji, mfanyabiashara mmoja wa wale wenye asili ya Kiarabu ambao maduka yao tuliyakuta tangu tunazaliwa. Hadji alikodisha kaseti.

"Hadji, nipe filamu isiyo na bunduki hata moja."

"Ya mapenzi?"

"Ile ya mapenzi uliyonipa, bibi alimpiga bwana risasi."

Hadji akapekua duka zima. Ikapatikana moja tu: filamu ya orkestra, yaani bendi ya muziki. Kuanzia siku ile sheria ikawa nyepesi. Ukisikia mlio ndani ya chumba cha Baba Video, ujue ni wa kweli. Yeye alisimamisha picha, akasikiliza, akasema kwenye maikrofoni, "Hiyo ni ya nje." Ikiwa mbali, aliongeza, "Kaeni." Ikiwa karibu, alisema, "Laleni." Watu walilala kwa utaratibu, benchi kwa benchi, kama wako kwenye swala.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Wazungu wanne, nywele ndefu, suruali za kubana, wanaunda orkestra yao. Wanapiga kwenye vyumba vidogo, wanapendwa, wanapanda ndege, wasichana wanalia. Halafu wanagombana. Mwimbaji anakwenda huku, mpiga ngoma kule. Anayesimulia ni mmoja wao, sasa mzee mwenye mvi, anaangalia picha ya ukutani na kupumua. Sisi tulikuwa na vita mlangoni na tulilia kwa ajili ya vijana wale wenye ndege. Mambo ya ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nadhani kulilia orkestra kulikuwa kunapumzisha.

Mwisho wa kaseti, mtu mwenye koti refu na kofia, katupa mgongo, amesimama mbele ya mlango. Anainua mkono kugonga. Hapo hapo picha inakatika, inaingia harusi ya mtu wa Bwiza. Aliyeikodi kabla yetu alirekodia juu yake. Tunaona pilau.

Siku ya kwanza watu walitaka kuvunja benchi. "Ni nani huyo? Amegonga? Amefunguliwa?" Baba Video akarudisha mkanda nyuma kidogo, akabonyeza, ule mkono ukaganda hewani ukitetemeka, na yeye akashika maikrofoni.

"Tulieni. Hii mumeiona ni Fupi. Wamekata. Ndefu yake mi niliiona zamani, kwa mutu moja wa Zone Industrielle mwenye mashine kubwa. Huyu mwenye koti ni mwimbaji. Amekuja kwa mpiga ngoma. Anagonga. Mpiga ngoma anafungua. Hawasalimiani. Mwimbaji anasema, 'Chai iko?' Mpiga ngoma anasema, 'Iko, lakini sukari hakuna.'"

Chumba kilicheka mpaka bati likalia. Ilikuwa wakati ule nchi za jirani zimetufungia mipaka, sukari tuliiota tu. Kwamba hata wazungu wa orkestra hawana sukari, hilo lilitupa raha ambayo siwezi kuieleza.

Tangu hapo zikawa filamu mbili, na kaseti moja. Aliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: LEO FUPI, au LEO NDEFU. Fupi iliishia kwenye pilau. Ndefu ilikuwa ya siku ambazo mji umefungwa, barabara zina mawe na matairi, hakuna kwenda kazini wala sokoni. Siku hizo alibonyeza kila mahali. "Hapa wamekata kipande," alisema, na kipande kikaanza. Wale wazungu wanne walipotea kwenye mvua wakala samaki mukeke wa kuchoma kwa mama mmoja mwenye jicho moja. Walipelekwa mahakamani kwa ajili ya mbuzi. Mpiga gitaa, yule mwembamba tusiyemjali, aliumwa malaria na hakuna aliyekwenda kumuona. Ndefu ilianza baada ya adhuhuri, ikasimama kwa ajili ya alasiri, watu wakatawadha kwenye beseni langu la tundu bila kuniomba, wakarudi, na ikaisha jua likiwa linataka kuzama, ili kila mtu akimbie nyumbani kabla ya kuvrefe, marufuku ya kutembea usiku, ile saa ambayo ukionekana barabarani hakuna wa kukuuliza jina.

Kuna siku umeme ulikatika katikati. Yeye hakukatika. Betri ya maikrofoni ilikuwa yake peke yake, akaendelea gizani, mbuzi, hakimu, mvua. Umeme uliporudi, picha nayo ikarudi, na mtu wa nyuma akapiga kelele, "Baba Video, zima hiyo televisheni, inatuchanganya!"

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Wenye kazi zao hawakuingia bila kulipa, hata mimi jirani yake nililipa, lakini waliokimbia makwao na vifurushi aliwafungulia mlango wa nyuma na kuwagombeza kwamba wamechelewa. Alionyesha filamu ya muziki kila siku ya Mungu, na muziki alisema hautaki. Redio nyumbani kwake ilikuwa ya habari tu. Wimbo ukianza, anazima. Ukipiga vidole kwenye benchi anakutoa nje. Na yeye mwenyewe, akidhani hakuna anayemuona, vidole vyake vilikuwa vinapiga juu ya televisheni, taratibu, na havikukosea.

Watu wa umri wangu tulijua kwa nini. Zamani, kabla ya haya yote, Buyenzi ilikuwa na orkestra ya harusi. Baba Video ndiye aliyepiga ngoma. Na mwimbaji alikuwa huyu fundi cherehani wa ng'ambo ya njia.

Waliachana kwa sababu ya viatu. Msicheke, mtacheka baadaye. Walikubaliana wote wavae viatu vyeupe. Baba Video alitafuta vyake mji mzima. Siku ya harusi, Fundi Cherehani akaja na viatu vya rangi mbili, nyeusi na nyeupe pamoja, vya kung'aa. Wanawake wote macho kwenye miguu ya mwimbaji. Na mpiga ngoma, mnajua, anakaa nyuma ya ngoma. Viatu vyake vyeupe havikuonwa na binadamu yeyote. Akavivua, akaviweka juu ya ngoma kubwa ili vionekane, akaenda zake pekupeku kabla bibi harusi hajafika. Orkestra ikafa mchana ule. Tangu siku hiyo wale wawili hawakusemezana, na milango yao inatazamana.

Mimi ndiye niliyekuwa njia yao ya salamu. Idi ikifika, Fundi Cherehani aliniambia kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Mzee wa Baiskeli, waambie majirani zako wa kushoto Idi njema." Naye Baba Video, kwa maikrofoni, "Mzee wa Baiskeli, waambie wa kulia tumesikia." Nimewahi kuwa waya wa simu bila mshahara.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wale wa ndani hawakuliona, ila mimi. Spika ya nje ilielekea kwenye cherehani. Fundi Cherehani hakuwahi kukanyaga chumba cha video, lakini Ndefu aliijua neno kwa neno. Alishona siku nzima bila kuinua kichwa, hata mlio wa nje ukipita. Lakini Baba Video alipofika kwenye mkono, "Huyu mwenye koti ni mwimbaji, amekuja kwa mpiga ngoma," mguu wa fundi uliacha pedali. Cherehani ilinyamaza. Chai iko. Iko, lakini sukari hakuna. Watu wanacheka ndani. Halafu fundi alitema uzi na kusema, kwangu au kwa sindano sijui, "Huyo siyo mwimbaji. Ni mpiga ngoma huyo. Ndiye aliyeondoka, ndiye wa kurudi."

Na pedali ikaendelea.

Mara moja nilijaribu kumfikishia Baba Video maneno hayo. Alinitazama sana. "Anasema hivyo?" Nikasema ndiyo. "Basi mwambie avae koti aje tuone." Jibu hilo halikusafirishwa, nililizuia mimi. Miaka ikapita hivyo, huyu anamngoja huyu agonge, na mlango wa kila mmoja uko wazi kuanzia asubuhi. Wote wawili wakazeeka. Baba Video akaanza kukohoa. Siku moja, maikrofoni imezimwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona, aliniuliza, "Yule wa ng'ambo, macho yake bado yanaona tundu la sindano?" Nikasema siku hizi anamwita mtu amtungie uzi. Akawasha maikrofoni. Tulichokiogopa sote tulikijua: kwamba mmoja atakufa na mwingine atazikia mbali, nyuma ya watu, kama jirani wa kawaida.

Basi vita ikawa inaelekea kuisha, mipaka imefunguliwa, sukari imerudi madukani, na mtoto wa Hadji akarudi kutoka Dubai na mashine ya diski. Akaja na diski mkononi, anang'aa kuliko hiyo diski. "Baba Video! Nimeipata! Ile filamu yenu ya orkestra. Imeandikwa kabisa: version longue. Ndefu!"

Nilimuona Baba Video anageuka rangi. Kila mtu alifurahi isipokuwa yeye. Alijua, nami nilijua, kwamba Zone Industrielle hakukuwa na mtu mwenye mashine kubwa. Akaanza visingizio. Diski ina mkwaruzo. Televisheni ina homa. Wiki ijayo. Mama Sambusa akamwambia, "Baba Video, mi nimengojea mlango huo ufunguliwe vita nzima. Weka."

Ijumaa baada ya swala chumba kilijaa, na wengine madirishani. Mimi nilifunga kazi nikaingia. Na kabla taa hazijazimwa, mlangoni akasimama Fundi Cherehani, tepi ya kupimia shingoni. Chumba kizima kikageuza shingo. Akatafuta benchi, akakaa kwenye ncha, hakumtazama mtu. Baba Video alikaa kwenye kigoda chake na maikrofoni mikononi kama mtu aliyeshika kuku wa mtu mwingine.

Ndefu ya kweli ilikuwa ndefu, sikatai. Mzungu mmoja alirekebisha nyuzi za gitaa muda mrefu kiasi kwamba Mama Sambusa akaniuliza kama diski imekwama. Walilala kwenye basi, na sisi tukawaangalia wamelala. Mbuzi hakuonekana. Mukeke hakuonekana. "Wamekata mbuzi!" mtu alinung'unika.

Tukafika kwenye mlango. Koti, kofia, mgongo. Mkono ukainuka. Mara hii pilau haikuja. Mkono ukabaki juu, halafu, taratibu, ukashuka. Hakugonga. Akageuka ili aondoke, na tukauona uso. Alikuwa mpiga gitaa. Yule mwembamba.

"Huyu anatafuta nini hapa?" akapiga kelele Mama Sambusa.

Majina yakapanda. Chumba kikalipuka. Mtoto wa Hadji akasimama juu ya benchi, "Lakini imeandikwa! Someni! Version longue!"

"Hiyo ni Fupi!" walimjibu. "Ndefu tunaijua! Wezi hao wa Dubai, wamekukatia! Baba Video, rudisha mlango! Tutolee kipande!"

Mwalimu wa Mutanga Nord, ambaye Kiingereza alikijua, alikuwa anapiga kelele kuliko wote. "Chai! Chai!"

Mtoto wa Hadji akarudisha picha, mkono ukaganda juu. Baba Video akaleta maikrofoni mdomoni. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilimsikia anapumua tu, na spika ya nje ikapumua mpaka barabarani.

Ndipo Fundi Cherehani aliposimama. Akaongea naye uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu viatu.

"Miaka yote hii umekosea kutafsiri."

Baba Video akashusha maikrofoni. "Mi? Nimekosea wapi?"

"Mwenye koti ni mpiga ngoma. Anakuja kwa mwimbaji."

"Mwimbaji ndiye alileta viatu vya rangi mbili!"

"Na nani alikimbia pekupeku, bibi harusi bado yuko njiani? Niliimba harusi nzima peke yangu, nikijipigia makofi!"

"Ulikuwa unang'aa, hukuwa na haja ya ngoma!"

"Viatu vyako niliviona," akasema Fundi Cherehani. "Vilikuwa vizuri. Nilitaka kukuambia baada ya wimbo wa kwanza."

Hapo hakuna aliyecheka. Fundi akapita kati ya mabenchi, akatoka, akavuka njia, akaingia kibandani kwake. Na mlango ule, ambao vita nzima niliuona wazi kuanzia asubuhi, akaufunga.

Watu wakaguna. Mama Sambusa akasema, "Basi, imeharibika." Mimi nilielewa kidogo kabla yao, kwa sababu ya kazi yangu ya salamu. Nikamwambia Baba Video, "We mzee, mlango ulio wazi unaugongaje?"

Akanitazama. Akaweka maikrofoni juu ya televisheni, akavaa kofia yake vizuri, akatoka. Chumba chote kikatoka nyuma yake, tukajaza avenyu, baiskeli zikasimama. Alivuka. Ni njia ndogo, gari mbili hazipishani, lakini alivuka polepole kama anavuka mto. Akafika. Akainua mkono. Akauweka hapo juu, na watu wote tukaacha kupumua, maana mkono huo tulikuwa tumeuona umeshuka muda mfupi tu uliopita.

Akagonga.

"Nani?" ikatoka sauti ndani, kama hajui.

"Mpiga ngoma."

Mlango ukafunguka. Hawakusalimiana.

"Chai iko?" akasema Baba Video, bila maikrofoni, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Sisi barabarani tulikwisha kuvuta pumzi ya kujibu, mtaa mzima, wakubwa na watoto, maana jibu tulilijua kuliko majina yetu. "Iko, lakini—" tukaanza.

Fundi Cherehani akainua mkono wenye sindano kutunyamazisha.

"Iko," akasema. "Na sukari iko."

Akamvuta ndani, akafunga mlango. Tulisimama pale tunangoja, kama wajinga, mpaka Mama Sambusa akapeleka sikio kwenye ubao wa mlango.

"Wanasema nini?" tukamuuliza.

"Nyamazeni," akasema. "Mutu anapiga vidole kwenye meza."

Kidogo tukasikia na sisi. Halafu na ile sauti nyingine ikaingia, ya kizee, inatafuta mahali pa kuanzia wimbo.

Huko nyuma, spika ya nje ilikuwa bado inanguruma, na kwenye televisheni yule mpiga gitaa alikuwa amesimama na mkono wake juu. Nikaingia nikamzimia picha.